Jina la Mama Mkwe

Hadithi hii ina wanaume watatu, na wote watatu hawana majina. Si kwamba hawakupewa. Mmoja ni mume wangu, wa pili ni marehemu baba yake, wa tatu ni mdogo wa huyo marehemu, na kwetu mwanamke hataji majina ya wanaume wa ukoo alikoolewa hata akiwa peke yake na ng'ombe. Mume wangu namwita Baba Begimai, kwa jina la binti yetu. Mkwe namwita Marehemu. Mdogo wake namwita Baba Mdogo. Mtanivumilia.

Mama mkwe ndiye aliyenipa tabu, maana jina lake ni jina la ndege. Ni yule anayejenga kwa tope chini ya paa, anayeondoka baridi ikianza na kurudi theluji ikiyeyuka, mwenye mkia uliogawanyika mara mbili. Niliolewa nikiwa na miaka ishirini. Masika ya kwanza nikamwona anaingia zizini, nikafungua mdomo nimtaje, nikakumbuka, nikaufunga. Tangu siku hiyo nikamwita mkia-mkasi. Watoto wangu wakakua wakisema mkia-mkasi. Begimai alipoanza shule, mwalimu alimwonyesha picha ya ndege huyo, naye akajibu kwa sauti kubwa, darasa zima likaanguka kwa kicheko, akarudi nyumbani analia.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akampakata mjukuu wake akamfundisha jina lake mwenyewe, kipande kwa kipande.

"Wewe ni damu, wewe sema tu," alimwambia. "Mama yako ndiye asiye na ruhusa. Bado mgeni huyo, ana miaka minane tu hapa."

Alikuwa hivyo. Alinitania kwa miaka thelathini na moja na sikumbuki aliwahi kunionea.

Alianza kurudi mwaka aliotimiza sabini na sita. Nasema kurudi kwa sababu sijapata neno lililo bora. Daktari wa wilaya alisema ubongo wake unarudi nyuma, kwamba yaliyoingia mwisho ndiyo yanayotoka kwanza. Sikumpenda yule daktari. Anayerudi nyuma ni farasi aliyeogopa mto. Mama mkwe hakuwa na woga wowote usoni, alionekana kama mtu aliyefunga safari na anajua njia.

Alianza kwa kuwasahau wajukuu, kuanzia mdogo. Wakafuata watoto wake. Kisha akasahau kwamba Marehemu alikufa, na miezi miwili baadaye akasahau kwamba aliwahi kuolewa naye. Tulilijua hilo siku ya wageni, chai imeshamiminwa, alipoinua kichwa na kumtaja Marehemu jina lake kamili, akaongeza na la baba yake. Miaka hamsini na tisa alikuwa akimwita "mwenye nyumba", na sasa alimtaja kama anayemtaja mbuzi wa jirani.

"Huyo mnayemsema," aliuliza, "ndiye yule mrefu? Mwambieni simtaki."

Wageni waliangalia vikombe vyao. Jirani yangu Saltanat, ambaye ameolewa ukoo huu huu na ulimi wake haujawahi kulala, alinisubiri mlangoni.

"Shoga, leo mkweo kamvua mzee nguo mbele ya watu."

"Mgonjwa yule."

"Najua mgonjwa. Ila sisi wazima tunakufa na majina yao kooni, na yeye kalitema kama kokwa."

Baada ya hapo alikivua kitambaa cheupe cha kichwa. Kila asubuhi nilimfunga, na kila asubuhi nilikikuta sakafuni. Kisha akaanza kuja kwangu na kitana. Alitaka nimfumue misuko miwili ya mke na kumsuka misuko mingi myembamba ya msichana. Nywele zilikuwa zimebaki chache, nyeupe, laini kama za mtoto. Nilimsuka. Nilipokuwa nikimsuka, aliongea.

"Dada, nikwambie kitu? Usimwambie mtu wa nyumba hii."

"Simwambii."

"Juzi nilikuwa mtoni nachota maji. Wakaja watatu, na farasi wanne. Nikajiuliza, farasi wa nne wa nani? Yule mrefu akanifunika kichwa kwa koti lake. Lilinuka moshi. Nimewaambia nina mchumba kwetu Kashka-Suu, wakacheka."

Mikono yangu ilisimama. Miaka yote tulisimuliwa kwamba Marehemu alimwona mtoni, akamwomba maji, yeye akatabasamu, mambo yakaisha. Baba Begimai alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kwenye harusi, na watu wakipiga makofi. Kumbe mto ni ule ule na maji ni yale yale, ila tabasamu liliongezwa baadaye.

"Endelea kusuka," aliniambia. "Una mkono mwepesi. Na wewe wamekuchukua?"

"Mimi nilikuja kwa miguu yangu," nilisema, na ni kweli.

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyeharibikiwa akili.

Mwishoni mwa Septemba alikataa kula. Mkate aliusukuma, supu aliisukuma, hata mtindi alioupenda tangu nimjue. Alikubali maji tu, na lazima ayachote mwenyewe kwa viganja kwenye mfereji wa nje. Daktari alitupa dawa ya kuongeza hamu. Mimi sikuhitaji daktari kwa hilo. Kila mwanamke wa milimani kwetu anajua kwamba msichana aliyechukuliwa akila chakula cha nyumba ile, amekubali. Bibi zetu walitwambia hivyo kwa kunong'ona, tukiwa wadogo, ili tujue la kufanya.

Baba Begimai alipiga magoti mbele yake na bakuli. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na tano, ana kifua kama mlango.

"Mama, kidogo tu. Kijiko kimoja."

"Mimi si mama yako, kijana," alisema kwa adabu. "Una sura ya mtu mwema. Waambie wenzako waniache niende kwetu."

Mume wangu alitoka nje na bakuli akasimama uani hadi supu ikaganda mafuta. Nilitaka kumweleza nilichojua, nikashindwa. Nitamwambiaje mwanamume kwamba mama yake anakataa chakula ili yeye asizaliwe?

Siku ya tatu ya kutokula, nilirudi kutoka kukamua nikakuta godoro lake limekunjwa vizuri, kama la mgeni anayeaga. Kitambaa cheupe kilikuwa juu yake. Ilikuwa Oktoba, mlima umejifunika wingu tangu alfajiri, na mvua ilikuwa na punje za barafu ndani yake.

Kufikia adhuhuri wanaume kumi na wawili walikuwa juu ya farasi, na sisi wanawake nyuma yao kwa miguu. Walitawanyika kwenye mteremko wa kwenda Kashka-Suu, wakiita. Mume wangu aliita "Mama". Vijana waliita "Bibi". Baba Mdogo, ambaye ana miaka sabini na minne na bado anapanda farasi bila kushikwa, aliita "Shemeji". Mlima uliwarudishia sauti zao na si kingine. Saa tisa mvua iligeuka theluji, nyepesi bado, inayeyuka ikigusa jiwe. Mtu aliyekaa siku tatu bila chakula, mwenye gauni la pamba na viatu vya ndani, haoni asubuhi ya pili katika hali hiyo.

Nilisimama kuvuta pumzi kwenye ukingo mmoja. Chini yangu farasi walikuwa wakipanda, kwato zikigonga mawe, wanaume wakipaza sauti kutoka pande zote. Na hapo nikausikia mlima ule jinsi alivyokuwa akiusikia yeye. Niliteremka mbio mpaka nikapoteza kiatu kimoja, nikashika hatamu ya farasi wa mume wangu.

"Shuka."

"Umechoka? Panda wewe."

"Sijachoka. Shukeni wote. Mnamfukuza."

"Mama Begimai, theluji inashuka na wewe unaniletea mafumbo?"

"Ana miaka kumi na saba," nilisema. "Anasikia farasi. Anasikia wanaume asiowajua wanamwita mama. Ungekuwa wewe ungetoka mafichoni?"

Alinikodolea macho. Baba Mdogo alikuwa amesogea karibu, theluji imemkaa kwenye masharubu. Mbele yake mimi huongea chini chini na macho nikiyaelekeza ardhini, ndivyo nilivyofunzwa. Siku hiyo nilimtazama.

"Baba Mdogo, siku ile mlikuwa wangapi?"

Hakuuliza siku gani.

"Watatu," alisema. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mimi ndiye niliyeshika farasi wa nne."

"Siku ipi?" Baba Begimai aliuliza. "Farasi gani?"

Mzee aliendelea kunitazama mimi, kana kwamba nilikuwa nimemtoa mwiba na bado hajui kama augulie au ashukuru.

"Siku ya tatu alitoroka," alisema. "Tulimkuta pale juu ya zizi la mawe, ndani ya vichaka vya archa. Farasi ndio waliomnusa. Alikuwa hajala kitu tangu tumlete."

Kisha akashuka. Ilimchukua muda, mguu mmoja kwanza, halafu mkono, halafu mguu wa pili. Akaugeuza uso wa farasi wake kuelekea bondeni, akaanza kutembea. Wanaume wengine walimwona mzee anatembea, wakashuka nao, wakamfuata. Mume wangu alibaki. Alikuwa na rangi ya majivu. Katika muda wa kushuka farasi mmoja, alikuwa amepoteza hadithi ya harusi ya wazazi wake, na mama bado hajaonekana.

"Nani ataita sasa?" aliniuliza.

"Mimi."

"Utamwitaje? Mama haitikii. Bibi haitikii."

"Kwa jina lake."

Aliangalia wanawake waliosimama nyuma yangu, Saltanat na wengine sita, wote wameolewa hapa, wote wana jina lile kooni kama mimi. Mwanamke mwenye ruhusa ni Begimai peke yake, na Begimai alikuwa mjini, umbali wa siku nzima kwa gari.

"Mbele ya watu wote hawa?" alisema. "Watalisema mpaka wajukuu zetu."

"Basi nipe jina lingine atakaloitikia."

Alifikiri. Namheshimu kwa hilo, alifikiri kwelikweli, nikaona anayapitia yote moja moja.

"Nenda," alisema.

Nilipanda hadi juu ya zizi la mawe. Vichaka vya archa vimetanda pale kama mikeka minene, mtu anaweza kulala ndani yake ukampita hatua mbili. Nilifungua mdomo. Nawaapia, kilichotaka kutoka ni mkia-mkasi. Miaka thelathini na moja mdomo ulikuwa umekwenda njia moja, na sasa uligoma kama nyumbu. Nilijiona mjinga, mwanamke mzima na kiatu kimoja, nimesimama kwenye theluji nikihangaika na neno ambalo kila mtoto wa darasa la kwanza analijua.

"Karlygach," nilisema.

Halikutoka kwa nguvu. Lilitoka kama kikohozi. Nikajaribu tena, na safari hii lilienda mbali.

"Karlygach!"

Mbayuwayu. Hilo ndilo jina lake, na sasa mmelijua. Nililiita mara tano, sita. Hakuna kilichotikisika. Chini yangu nikasikia sauti nyingine ikiliita, nyembamba, inatetemeka. Ilikuwa ya Saltanat. Akafuata mwingine, na mwingine, wake wote wa ukoo wamesimama kwenye mteremko wakimwita mkwe wao kwa jina, na baadhi yao walikuwa wakilia kwa aibu na hawakunyamaza.

"Karlygach, njoo," niliita. "Tumetoka kwenu. Tumekuja kukuchukua."

Kichaka kimoja kilicheza. Si mbali, pengine hatua ishirini. Kikatoka kichwa cheupe chenye misuko myembamba niliyoisuka mwenyewe, na theluji juu yake. Alichungulia kulia, akachungulia kushoto.

"Farasi wameondoka?"

"Wameondoka."

Alitoka kwa magoti. Midomo yake ilikuwa ya buluu, mikono imekwaruzwa. Nilivua koti langu nikamvika, akalinusa kwanza kabla ya kukubali.

"Baba ndiye aliyewatuma?"

"Ndiye."

"Amekasirika?"

"Hajakasirika. Anasema uje ule."

Alivuta pumzi ndefu, na uso wake wote ukalegea.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Ila mmechelewa sana."

Hapo nililia na sikuficha. Nilihisi, na Baba Mdogo alikuja kunithibitishia baadaye, kwamba hakuna aliyekuja. Baba yake aliletewa habari, akanyamaza siku moja, akajibu kwamba maadamu amelala huko, akae huko huko. Alikaa. Alizaa watoto watano, akazika mume, akanitania mimi, na muda wote huo kulikuwa na msichana kwenye vichaka anayesikiliza kama kuna mtu atamwita.

Tulimshusha kwa mgongo, tukipokezana. Wanaume walisimama mbali na njia kama tulivyowaagiza. Nilipomwingiza ndani, ndani ya nyumba aliyoishi karibu miaka sitini, alizungusha macho kwenye jiko, mazulia ya sufu na dirisha.

"Pamebadilika kwetu," alisema.

"Kidogo."

Nikamkatia mkate, nikampa mtindi. Aliula mkate wote na makombo akayaokota kwa ncha ya kidole.

Baba Begimai alikuwa amesimama mlangoni, hathubutu kuvuka kizingiti. Mama alimwona. Alirudi nyuma ya bega langu na mkono wake ukanishika kiuno.

"Yule nani? Ni wale?"

Mume wangu alinitazama. Alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na sura ya baba yake, urefu wa baba yake na koti linalonuka moshi. Alilivua lile koti akaliacha nje kwenye theluji. Kisha akainama akakusanya kuni mikononi.

"Mimi jirani tu," alisema. "Baba yako kaniambia nilete kuni."

"Weka hapo," alisema mama, bado nyuma yangu.

Akaziweka, akatoka. Nilimsikia nyuma ya ukuta na sikumfuata, kwa sababu kuna vilio ambavyo mtu hutaka kuvimaliza peke yake.

Majira yote ya baridi alikuwa jirani. Alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe asubuhi na jioni, akaleta kuni, akauliza hali, akatoka. Alikula chakula chake kwa Baba Mdogo. Hao wawili waliongea nini sijui, ila mzee alizeeka sana majira yale na hakupanda tena farasi. Mimi nilimwita Karlygach kutwa kucha, Karlygach njoo ule, Karlygach inua mkono, na mwanzoni kila mara nilipolisema nilisikia mashavu yanawaka. Saltanat alikuwa akipita dirishani.

"Umelizoea, eti? Hata haya huna tena."

"Hata wewe ulilisema."

"Mimi nilisema mara tatu. Wewe unalitafuna kama ubani."

Masika yalifika. Siku moja niko nje naanika, mkia-mkasi wa kwanza akapita juu ya kichwa changu akaingia zizini. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao mlangoni, amejifunika, jua liko usoni kwake. Alikuwa mwepesi sana siku hizo, na sote tulijua hana siku nyingi. Baba Begimai alikuja na kuni zake, ingawa jiko lilikuwa halihitaji.

"Kaa," mama alimwambia. Hakuwahi kumwambia hivyo.

Alikaa chini, kwenye udongo.

"Kila siku unatuletea kuni. Huna kazi kwenu?"

"Ninayo."

"Una mama?"

Niliacha nguo ndani ya beseni.

"Ninaye," alisema.

"Yu mzima?"

"Yu mzima."

"Ana bahati huyo. Anaitwa nani?"

Kwetu mtoto naye hataji jina la mzazi wake. Miaka hamsini na tano hakuwahi kulitia mdomoni, hata siku ile mlimani alinituma mimi. Alitazama mikono yake.

"Anaitwa Karlygach," alisema.

Mama alifurahi. Alimegua kipande cha mkate aliokuwa nao mapajani akampa.

"Kama mimi," alisema. "Kula."